Mgeni Aliyesimama Mara Mbili: Kisa cha Mkristo wa Ugenini Unguja

Kisa ninachokiandika hapa ni cha mwanamke mmoja Mkenya, mzaliwa wa Taita, aliyekuja Unguja kufanya kazi ya upishi katika hoteli moja ya pwani ya kaskazini mashariki, upande wa Kiwengwa, akakaa miezi saba bila ya kuwa na kanisa ilhali makanisa yapo na yeye mwenyewe alikuwa akiyatafuta. Amenipa ruhusa ya kuyaandika haya kwa sharti kwamba jina lake, la hoteli yake na la kanisa lililohusika yasitajwe, nami nimelikubali sharti hilo. Mimi ni mzee wa kanisa hilo, kanisa la Kianglikana la mjini. Nilikuwepo siku aliyoingia kwa mara ya kwanza, nilipiga makofi pamoja na wengine aliposimama kujitambulisha, na kwa miezi iliyofuata sikumuuliza mtu yeyote aliko. Kwa hiyo ninaposema kwamba tulimkosea, nami nimo.

Alifika mwezi wa Juni, watalii wanapoanza kuongezeka, akiwa na mkataba wa mwaka mmoja na nusu. Hoteli ilimshughulikia kibali cha kazi na cha ukaazi, akapanga chumba kimoja katika nyumba ya mama mtu mzima wa kijijini, mjane, ambaye tangu siku ya kwanza alimwita mwanangu, naye akamwita Bibi. Watu wengi huku kwetu hawamhesabu Mkenya kuwa mgeni khasa, kwa kuwa anasema Kiswahili, anakula tunavyokula, na nchi zetu zimo katika Jumuiya ya Afrika Mashariki ambayo itifaki yake ya soko la pamoja ilianza kutumika Julai 2010. Lakini anayehitaji kibali ili aishi mahali ni mgeni wa mahali hapo, na kwa Mkristo aliyelelewa Taita, ambako Jumapili asubuhi njia nzima huelekea upande mmoja, kuhamia kisiwa ambacho karibu watu wake wote ni Waislamu ni safari ndefu kuliko inavyoonekana kwenye ramani. Mwenyewe ameniambia kwamba katika wiki za mwanzo hakuumizwa na adhana wala na baibui, maana Wataita wanaijua Mombasa. Kilichomuumiza ni kwamba Jumapili ilikuwa ikipita kama Jumatano.

Katika sanduku lake, ndani ya mfuko wa plastiki wa kuhifadhia vyeti, alikuja na barua ya ukurasa mmoja kutoka kwa mchungaji wake wa Taita. Nimeishika barua hiyo mkononi. Imepigwa chapa, ina muhuri wa kanisa wa wino wa zambarau uliofifia upande mmoja, na inaeleza kwamba mwenye barua amebatizwa na kupewa kipaimara, ni mwimbaji wa kwaya, ni mshiriki wa Meza ya Bwana, na kwamba kanisa lolote atakalofikia linaombwa limpokee. Desturi hii ni kongwe kama kanisa lenyewe: katika sura ya 16 ya Waraka kwa Warumi mtume Paulo anamtambulisha Fibi wa Kenkrea na kuwataka ndugu wa Rumi wampokee na kumsaidia kwa lolote atakalohitaji kwao. Barua ya dada huyu ilikaa sandukuni miezi saba kwa sababu hakuna aliyemwomba, na yeye hakujua ampe nani.

Jumapili yake ya kwanza nimeipima saa kwa saa pamoja naye, kwa sababu naamini sehemu kubwa ya kisa hiki imo ndani ya saa zile. Zamu yake ilikuwa ikianza saa nane mchana. Kutoka kijijini hadi mjini ni kama kilomita 40, na gari ya shamba, inayosimama kila penye mkono ulioinuliwa na kila penye gunia la kupakia, huchukua saa moja na nusu, pengine zaidi. Misa yetu huanza saa mbili asubuhi na kumalizika baada ya saa nne. Alitoka nyumbani alfajiri, watu wakirudi msikitini, akafika kanisani nyimbo za kuingilia zimekwisha. Padri alipotoa baraka ya mwisho, ilimbidi atoke mbio kwenda kuwahi gari ambayo ingeweza kusubiri nusu saa nzima hadi ijae. Sasa, kila anayelijua kanisa letu anajua kwamba ushirika wetu unaanza baada ya baraka: chini ya mti, kwenye chai, kwenye mikutano midogo ya kwaya na ya kina mama, ndipo watu wanapoulizana khabari za wagonjwa, za watoto na za kazi. Ndani ya kanisa tunakaa tumetazama mbele. Yeye aliipata Misa na akaukosa ushirika, na hali ikawa hivyo hivyo kila alipokuja.

Ilikuwepo pia shida ya ibada yenyewe, na hii sikuitambua hadi aliponieleza. Alipoingia na kusikia kengele, akaona watu wanapiga goti na kufanya ishara ya msalaba, kisha akaona chetezo kikipungwa na moshi wa ubani ukipanda, alidhani amepotea njia na kuingia Minara Miwili, yaani kanisa kuu la Wakatoliki la Mtakatifu Yosefu. Ubani aliuzoea kwa Bibi, anayefukiza nyumba kila Alkhamisi jioni kwa chetezo cha udongo. Hakutarajia kuukuta altareni. Kwao Taita, Waanglikana wana mchungaji, wana ibada, wana mahubiri marefu na ushuhuda. Kwetu kuna padri, kuna Misa, na mahubiri ni mafupi. Sisi ni wa ushirika mmoja wa makanisa, lakini tumelelewa na wazazi tofauti. Uanglikana wa Kenya ulianzia Mombasa kwa chama cha wamisionari wa Kianglikana cha CMS, ambacho mmisionari wake Krapf alifika huko mwaka 1844, chama chenye moyo wa kiinjili. Uanglikana wa Unguja uliletwa na UMCA, misheni ya vyuo vikuu vya Uingereza, iliyohamia hapa mwaka 1864 chini ya Askofu Tozer na kushika njia ya ibada iliyo karibu sana na ya Kikatoliki. Hata Biblia zetu hazikuwa moja, kwa kuwa Askofu Steere wa UMCA alitafsiri kwa Kiunguja na wenzetu wa Mombasa wakatafsiri kwa Kimvita, hadi tafsiri ya pamoja, ile ya Union, ilipotolewa mwaka 1952.

Tofauti hiyo iliwahi kuwa ugomvi mkubwa, na Unguja ilikuwa upande mmoja wa ugomvi. Mwaka 1913 madhehebu kadhaa ya Kiprotestanti yalikutana Kikuyu, Kenya, yakajadili namna ya kushirikiana, na mkutano ukamalizika kwa Meza ya Bwana iliyoshirikisha madhehebu mbalimbali ndani ya kanisa la Kipresbiteri. Askofu wa Zanzibar wakati huo, Frank Weston, aliwashitaki maaskofu wenzake wa Mombasa na Uganda kwa Askofu Mkuu wa Canterbury, akisema wameihalifu imani. Nimelileta jambo hili kwa sababu litarudi mbele, na kwa sababu dada yule alipoingia kanisani kwetu akajihisi yumo nyumbani kwa watu wengine, hisia yake ilikuwa na historia ya miaka mia moja nyuma yake. Mtu mmoja angemnong'oneza kwamba hapa ni kwenu pia ila tunasali hivi, ingetosha. Hakuna aliyemnong'oneza.

Kuhusu kupokelewa, utaratibu wetu ni kwamba kabla ya matangazo wageni huombwa wasimame. Alisimama, akasema jina lake, akasema ametoka Kenya na anafanya kazi hotelini Kiwengwa, tukampigia makofi, akakaa. Katibu hakuandika kitu, kwa sababu utaratibu haumtaki aandike. Wiki sita baadaye, alipopata tena Jumapili ya kuweza kuja, wageni waliombwa wasimame, na yule aliyekuwa akisoma matangazo alimtazama yeye kwa upole wote. Akasimama tena. Akasema jina lile lile, tukapiga makofi yale yale. Mara ya tatu hakusimama, na mara ya nne ndiyo ilikuwa ya mwisho. Aliponisimulia habari hii sikuwa na la kumjibu, kwa kuwa siku zote mbili nilikuwa nimekaa safu ya pili.

Kwa muda alijaribu kwingine. Kijana mmoja wa jikoni, Mpentekoste kutoka Mbeya, alimwalika kwenye maombi ya usiku katika chumba cha kupanga, akaenda mara mbili. Anawashukuru, kwani wao angalau walimwalika, lakini maombi yalikuwa ya sauti ya juu hadi usiku wa manane kwenye nyumba zilizobanana, na yeye alikaa na khofu ya jirani anayetaka kulala kuliko alivyokaa katika sala. Aliacha. Kuanzia Novemba hadi Januari, wakati hoteli zimejaa, hakuwa na Jumapili hata moja. Krismasi aliipitisha jikoni, akipika kwa ajili ya watu waliotoka nchi za Kikristo kuja kupumzika.

Mama yake mzazi alifariki Januari. Simu ilipigwa usiku baada ya zamu, na Bibi aliisikia sauti yake kupitia ukutani. Hoteli ilimpa siku mbili za mapumziko. Kwa asiyeijua njia, kutoka Kiwengwa hadi Taita ni gari hadi mjini, boti hadi Dar es Salaam, basi hadi Moshi, kuvuka mpaka Holili, kisha Taveta na kwenda mbele. Siku mbili hazitoshi hata kufika. Mama akazikwa bila yeye.

Asubuhi yake Bibi alitandika mkeka barazani, na wanawake wa mtaa wakaja kuhani, yaani kumpa pole ya msiba. Hawakusoma hitima, kwa kuwa marehemu hakuwa Muislamu, lakini walikaa. Walimletea uji na kahawa, mmoja akachukua ndoo zake akamtekea maji, mwingine akakaa naye hadi usingizi ukamchukua. Siku ya nne Bibi akamuuliza swali ambalo kwangu ndilo kiini cha kisa hiki chote: "Mwanangu, wenzako wa kanisani wako wapi? Hawajapata khabari?" Akajibu kwamba wako mjini, ni mbali. Bibi akasema: "Mjini si mbali. Samaki wa alfajiri anafika mjini kabla ya saa tatu."

Bibi hakuishia kwenye maneno. Ana mtoto wa ndugu yake ambaye ni utingo wa gari ya shamba, akamwagiza aulize mjini Wakristo wanapatikana wapi, kwamba kuna mwenzao amefiwa. Kijana aliuliza siku kadhaa bila ya kupata jibu la maana, mpaka akamfikia mfanyabiashara mmoja wa viazi katika soko la Mwanakwerekwe, mtu wa bara, ambaye ni muumini wa kanisa letu. Jumapili iliyofuata, wiki ya tatu tangu msiba, huyo bwana alinishika mkono nje ya kanisa akasema: "Mzee, tuna msiba Kiwengwa." Nikauliza ni wa nani. Hakulijua jina. Tukamuuliza katibu, tukamuuliza kiongozi wa kwaya, tukawauliza kina mama. Kuna waliokumbuka sura yake, na mmoja alikumbuka kwamba sauti yake ni nzuri. Jina hakulikumbuka hata mmoja, ingawa alilitaja mbele yetu sote mara mbili.

Siku ya pili tulikwenda, Padri, mimi na kina mama wawili. Tulipokelewa na Bibi, akatutandikia mkeka ule ule, akatutazama mmoja mmoja, kisha akasema tu kwamba karibuni, mwenzenu yumo ndani. Hakutulaumu. Dada yule alipotoka na kumuona Padri katika kanzu, aliingia tena chumbani, akarudi na ule mfuko wa plastiki, akaitoa barua. Padri aliisoma kwa sauti pale barazani, mbele yetu na mbele ya Bibi, kutoka salamu za kwanza hadi jina la mchungaji aliyetia saini. Hapo ndipo, kwa maoni yangu, alipopokelewa katika kanisa la Unguja, na aliyetufungulia mlango alikuwa mama wa Kiislamu.

Baada ya ziara hiyo baraza la kanisa lilikaa kulizungumza jambo hili, na si wote waliokubaliana nami. Mzee mwenzangu mmoja, ninayemheshimu sana, alisema kwamba mtu mzima mwenye barua mkononi angemfuata Padri ofisini, na kwamba kanisa halina uwezo wa kumfuatilia kila mfanyakazi wa hoteli kisiwani. Hoja yake si nyepesi. Padri wetu ni mmoja, anahudumia zaidi ya mahali pamoja, na wafanyakazi wa hoteli huja na kuondoka kila msimu. Masika yakiingia Aprili hoteli nyingine hufunga, na uliyemzoea Machi humuoni Juni. Hata hivyo naona hoja hiyo inamtwika mgeni mzigo ambao ndiye asiyeweza kuubeba. Mwenyeji anajua ofisi iko wapi, inafunguliwa saa ngapi, nani wa kuanza naye. Mgeni hayajui hayo, na anaona haya kuuliza, na ana saa moja tu kabla ya gari kuondoka. Anayejua ndiye wa kuanza.

Nilimkumbusha pia mwenzangu kwamba kanisa letu hapa Unguja ni la wageni tangu mwanzo. Soko la watumwa lilifungwa kwa mkataba wa Juni 1873 chini ya Sultani Barghash, na kanisa kuu la Mkunazini likajengwa juu ya ardhi hiyo. Waumini wa kwanza wa UMCA hawakuwa watu wa kisiwa. Walikuwa watoto na watu wazima waliookolewa majahazini, Wayao, Wanyasa na wengine, waliotengwa na kabila na lugha zao, wakakusanywa Kiungani na Mbweni. Cecil Majaliwa, Mwafrika wa kwanza kupewa upadri katika misheni hiyo, mwaka 1890, alikuwa mtoto wa Kiyao aliyeletwa utumwani. Wakatoliki wa hapa nao kwa miaka mingi wengi wao walikuwa Wagoa, watu wa Goa ya India. Baada yao wamekuja watu wa bara, na leo wanakuja watu wa hotelini. Kanisa lililozaliwa kwa kuwapokea watu wasio na kwao haliwezi kusema kwamba kupokea mgeni ni kazi ya ziada. Nilisema hivyo barazani kwa ukali kidogo, nikamuomba radhi mwenzangu baadaye kwa ule ukali, ila si kwa maneno.

Tulichoamua kilikuwa kidogo, na kilianzia kwenye saa. Tulikuwa tukijidanganya kwamba mtu wa Kiwengwa anaweza kuwa muumini wa Jumapili ya mjini. Hawezi, au anaweza mara nne kwa mwaka. Dada yule alitueleza kwamba Jumanne usiku, saa tatu na nusu, zamu ya mchana ya jikoni hupungua, na kwamba anawafahamu Wakristo wengine kumi na zaidi katika hoteli za jirani wenye hali kama yake: Walutheri wa Moshi, Wakatoliki wa Songea na Mbulu, Wapentekoste wa Mbeya, Waanglikana wa Masasi na Muheza. Tukakubaliana wakutane Jumanne kwa saa moja, na Padri au mmoja wetu awe nao angalau mara moja kwa mwezi.

Pahali palikuwa tatizo, kwa kuwa hoteli haikutaka mkutano wa dini ndani ya makazi ya wafanyakazi, na nyumba za kijijini ni za watu wa imani nyingine. Bibi alitoa ukumbi wake. Sisi tulitangulia kwa sheha, kiongozi wa serikali wa eneo, kabla ya kukutana hata siku moja, na nasisitiza jambo hili kwa yeyote anayetaka kuanzisha sala katika shehia yoyote ya Unguja au Pemba, kwa sababu nimeona makundi yakianza kwa siri na kumalizikia kwa ugomvi ambao ungezuiwa kwa nusu saa ya mazungumzo. Sheha alitusikiliza, akauliza ni watu wangapi, wanatoka wapi, na nani atajibu kukitokea jambo. Akasema salini, lakini pasiwe na vipaza sauti, msikutane wakati wa sala ya Isha, na Ramadhani mtazame saa yenu isigongane na tarawehe. Tulikubali yote kwa moyo mweupe. Ramadhani ilipofika walisogeza mkutano hadi saa nne usiku, na Bibi akawa anawawekea sahani ya futari iliyobaki.

Pasaka ndiyo iliyoleta jambo gumu. Baadhi yao walimuomba Padri awaletee Meza ya Bwana pale ukumbini Alkhamisi Kuu, wote washiriki pamoja, kwa kuwa hakuna hata mmoja angepata ruhusa ya kwenda mjini. Ndipo Kikuyu ya 1913 ikaturudia nyumbani kwa Bibi. Mzee mwenzangu alimtaja Weston na kusema kwamba altare haichanganywi. Padri mwenyewe alisita kwa sababu nyingine: Wakatoliki hawaruhusiwi na kanisa lao kupokea kwetu, na ndugu wa Kipentekoste wasingeridhika na namna yetu, hivyo usiku ule ungekuwa wa baadhi kukaa pembeni wakiwatazama wenzao. Mimi nami nilimtaja Weston, maana huyo huyo aliyekuwa mkali wa altare ndiye aliyesimama London mwaka 1923 akawaambia Waanglikana wenye ibada kama zetu kwamba hawawezi kumwabudu Yesu aliye altareni wasipomhurumia Yesu aliye katika mitaa ya maskini, na kwamba watoke wakamtafute huko.

Tukaamua hivi. Mkate na kikombe kila mmoja atavipata kwa watu wake, na kwa Waanglikana Padri atakuja siku nyingine na kuwapa pale pale. Usiku wa Alkhamisi Kuu tutafanya lile lingine ambalo Bwana alilifanya usiku huo, kwa mujibu wa sura ya 13 ya Yohana, na ambalo hakuna dhehebu linalolikataza. Waliingia saa nne na nusu, wakiwa bado na harufu ya vitunguu na mafuta. Hatukuwa na chombo cha kanisa, tukatumia beseni la plastiki la buluu la kuoshea vyombo na jagi la Bibi. Padri aliwaosha miguu wa kwanza watatu, kisha wakaoshana wenyewe, Mkatoliki akimuosha Mpentekoste. Miguu ya mpishi aliyesimama kwa saa nyingi juu ya sakafu ya saruji huvimba kwenye kifundo na kubaki na alama ya soksi kama uzi uliofungwa, na yule aliyekuwa akimuosha dada wa Taita, msichana wa Songea anayesafisha vyumba, aliiweka miguu ile ndani ya maji na hakuitoa kwa muda mrefu, akawa anaikanda kimya kimya. Dada yule alilia. Nadhani alikuwa akimlilia mama yake, na sikumuuliza.

Kutokana na kisa hiki tumebadilisha mambo mawili kanisani kwetu. Mgeni hasimamishwi tena mbele ya watu. Anafuatwa alipokaa na mama mmoja aliyepewa kazi hiyo, anaulizwa kama ana barua, na anaulizwa zamu yake ni ya saa ngapi. Na lipo daftari, katika nakala mbili, moja kwa katibu wa kanisa na moja Kiwengwa, lenye jina la mtu, kwao, dhehebu lake, hoteli yake, siku yake ya mapumziko, na namba ya ndugu wa kupigiwa simu akipatwa na jambo. Safu hiyo ya mwisho aliidai yeye mwenyewe. Mtu asipoonekana Jumanne mbili mfululizo, yule ambaye jina lake limetangulia la kwake daftarini anakwenda kumgongea mlango.

Bado hatujalimaliza suala la Pemba, ambako nimeulizwa kama jambo hili linaweza kufanyika kwa walimu na wauguzi kutoka bara walioko Wete na Chake Chake. Huko hoteli ni chache, makanisa ni machache zaidi, na Mkristo wa mjini Wete ana saa zake za Jumapili lakini pengine hana watu. Dawa yake itakuwa nyingine, na nadhani iulizwe kwa walioko huko.

Dada wa Taita alikwenda kwao mwezi wa Mei, hoteli ilipofunga kwa masika, akaliona kaburi la mama yake. Kabla ya kuondoka alilikabidhi daftari kwa yule msichana wa Songea, na Bibi akampa khanga mbili za kumpelekea dada yake mdogo. Mkataba wake umebakisha miezi saba. Chumba chake kimefungwa, ufunguo yuko nao Bibi, na Jumanne wanaendelea kukutana.